Shabaha Iliyoota Pua

Wiki niliyokabidhi filimbi, mwalimu mpya wa michezo aliniuliza swali moja tu: "Madam, bajeti ya shabaha za upinde huwa inatoka wapi?" Nilicheka mpaka nikatafuta kiti. Maskini, alidhani namcheka yeye, kumbe nilikuwa nimekumbuka pua. Sasa nimestaafu, nina nafasi na nina chai kwenye chupa, na kwa kuwa kijana aliuliza kwa adabu, nitamjibu yeye pamoja na wenzake wote wanaofundisha michezo huku kwetu. Habari za vyeo na mishahara waulizeni wengine. Mimi nina habari za magunia.

Nilianza kazi miaka michache baada ya Uhuru, katika shule ya msingi iliyokaa juu ya vilima vya chai, mbele kidogo ya soko la Ikonge. Wakati huo Nyamira yote ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Kisii. Nilikwenda kuripoti nimevaa viatu vya kisigino, na mvua ilikuwa imenyesha. Udongo wetu ukilowa unajulikana. Niliingia ofisini kwa Mwalimu Mkuu nikiwa na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, na mguu mtupu nimeuficha nyuma ya ule wenye kiatu, kana kwamba hilo lingesaidia.

Mwalimu Mkuu aliitwa Bwana Onchari. Alikuwa mzee wa kanisa la Sabato, mtu wa shati jeupe na sauti ya chini, na alipenda vitu viwili hapa duniani: kwaya na kabichi. Aliutazama mguu wangu, akautazama mkono, kisha akafungua daftari la zamu.

"Wewe ndio Mwalimu Kerubo?"

"Ndio, Tata," nikajibu, kama kwetu tunavyomwita baba.

"Football iko na mtu. Netball iko na mtu. Kwaya iko na mimi." Akafunga daftari. "Imebaki obota."

Obota ni upinde kwa Kigusii. Nyumbani kwetu upinde wa baba ulitundikwa ukutani, na mama alitukataza sisi wasichana kuugusa hata tukiwa tunafagia. Ulikuwa wa kaka zangu. Kwa hiyo nilikubali kazi hiyo kwa haraka isiyo na heshima, nikashukuru mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na nikatoka nje na kiatu changu.

Jioni hiyohiyo, watoto wakiwa wamekwenda nyumbani, nilichukua upinde mmoja stoo, nikaenda nyuma ya darasa la tatu, nikavuta kamba. Mshale wangu wa kwanza ulikwenda kama hatua nne ukaanguka kifudifudi. Wa pili ulinichapa mkono. Wa tatu, jamani, wa tatu uliruka! Uliimba hewani, ukachoma ukingo wa udongo kule mwisho wa uwanja, ukabaki umesimama unatetemeka. Nilipiga kelele peke yangu. Niliruka. Niliangalia kama kuna mtu ameniona, hakuna, nikaruka tena. Nimeozesha binti, nimejenga nyumba ya mawe, nimeona mambo mengi mazuri, lakini furaha ya mshale ule naikumbuka hadi leo kwenye vidole.

Nilipokwenda kuuchomoa, ukavunjika.

Hapo ndipo nilipojua kwa nini mwalimu aliyenitangulia alikuwa ameomba uhamisho. Shule haikuwa na shabaha. Watoto walipiga ule ukingo wa udongo, na ukingo ulikula mishale. Ukikauka ulikuwa mgumu na kuvunja ncha. Ukilowa uliufinya mshale usitoke. Kesho yake Bwana Onchari alinipeleka stoo akanionyesha mishale iliyobaki.

"Hii ndio yote," akasema. "Pesa ya kununua ingine hakuna. Siku mishale itakwisha, obota imekwisha, na hapo uwanjani napanda kabichi. Udongo ya hapo ni mzuri sana."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu aliyeona ardhi nzuri imelala bure. Lakini tangu siku hiyo kila nilipomwona akipita uwanjani, alikuwa akiinama, anachukua udongo kidogo, anausagasaga kwa vidole na kutabasamu. Roho yangu ilikuwa inashuka mpaka kwenye viatu. Nilikuwa nimeupata upinde baada ya kuutamani tangu utotoni, nami sikuwa tayari kuupoteza kwa sababu ya kabichi.

Basi nikaanza kutengeneza shabaha, na nilianza kwa ujinga mwingi. Nilijaza gunia udongo nikashona mdomo, ncha zikapinda. Nilijaza gunia lingine majani mabichi bila kuyashindilia, nikasimama nyuma kidogo kwa usalama, nikapiga. Mshale uliingia upande huu ukatokea upande wa pili bila hata kupunguza mwendo, ukakatiza bustani ya Bwana Onchari, na ukachoma kabichi katikati. Niliuchomoa, nikaigeuza kabichi upande wenye tundu ukatazama chini, nikaondoka nikiimba wimbo wa dini.

Aliyeniona ni Makori. Huyu alikuwa mwalimu wa kazi za mikono, Mkatoliki kutoka Nyamarambe, mrefu, mkimya, na mwenye tabia ya kucheka akiwa amechelewa: ungesema jambo la kuchekesha asubuhi, yeye akaja kulicheka saa ya chakula. Alikuja na gunia tupu begani.

"Mwalimu, mshale haitaki ukuta," aliniambia. "Na haitaki dirisha. Inataka kitu ya kuishika polepole."

Mengine yote niliyoyajua baadaye juu ya shabaha yametoka kwenye sentensi hiyo. Nayaweka hapa kwa ajili yenu, mkae mkijua. Chukueni gunia la katani, si la nailoni, kwa sababu la nailoni huraruka mahali penye tundu na halijifungi. Ndani tieni majani makavu ya mgomba, yale yanayoning'inia yenyewe kwenye shina, wala msiyakate mabichi. Tieni tabaka, ingieni ndani ya gunia kwa miguu, mkanyage, tieni tabaka lingine, mkanyage tena. Katikati, mahali panapopigwa sana, wekeni vipande vya nguo. Makori alikuwa akishuka Kisii mjini mwisho wa mwezi, anapita Daraja Mbili kwa mafundi wa cherehani, anarudi na mabaki ya vitambaa ambayo wao walikuwa wakiyafagia. Gunia likiwa gumu kiasi kwamba ngumi yako haiingii, shoneni mdomo kwa sindano kubwa ya magunia, kisha pitisheni kamba ya katani kutoka mbele hadi nyuma sehemu nyingi mkivuta, kama mtu anayeshona godoro. Usoni choreni duara kwa mkaa na chokaa. Shabaha msiiegemeze ukutani. Ining'inizeni kwenye mti uliolazwa juu ya nguzo mbili, icheze kidogo mshale unapoingia. Ikicheza, mshale hauvunjiki.

Kukanyaga ndiyo kazi kubwa. Mimi na Makori tulikanyaga magunia mengi sana pamoja, kila mtu kwenye lake, tumeshikana mikono tusianguke, watoto wakituhesabia. Kazini kuna kazi nyingi za kuchosha. Ile haikunichosha hata siku moja, na kwa nini haikunichosha mtaelewa wenyewe, ninyi si watoto.

Miaka ya sabini ilipoingia tulikuwa na timu. Wasichana pia walipiga, jambo lililowafanya baadhi ya wazazi kuja shuleni wamenuna na kurudi nyumbani wanauliza mshale wa binti yao ulifika wapi. Mishale ilikuwa michache lakini ilikuwa mizima. Ndipo tukaambiwa kwamba mashindano ya upinde ya shule za jirani yatafanyika kwetu. Jumamosi haikuwezekana kwa sababu ya Wasabato, Jumapili asubuhi haikuwezekana kwa sababu ya Misa, kwa hiyo ikawa Jumapili mchana. Bwana Onchari aliniita ofisini.

"Hii ndio siku ya kuamua, Mwalimu. Wageni wakirudi kwao bila aibu, obota itakaa. Tukipata aibu, au hiyo mishale ivunjike, Jumatatu naleta jembe."

Nikasema sawa, Tata, na nikaenda kuikagua shabaha. Shabaha yetu kubwa ilikuwa nzuri. Kosa lake moja, na hili lilikuwa wazo langu, ni kwamba safari hiyo nilikuwa nimechanganya majani ya mgomba na nyasi kavu tamu, kwa sababu zilinukia vizuri. Alhamisi tuliianika juani ikauke baada ya mvua. Tuliporudi kutoka darasani, tulikuta ng'ombe amesimama juu yake, anatafuna taratibu, uzi wa katani unaning'inia mdomoni. Gunia lilikuwa limelala chini tupu, duara likiwa bado limechorwa usoni.

Ng'ombe alikuwa wa Bwana Onchari.

Alikuja, akamtazama ng'ombe wake, akalitazama gunia. "Hiyo ng'ombe yangu," alisema, "iko na shida ya kufungwa." Kisha akaongeza haraka kwamba nyuma ya nyumba yake kuna migomba ya zamani ambayo alikuwa anataka kuing'oa, na kama inaweza kusaidia, tuichukue.

Majani makavu hayakuwapo popote. Mvua ilikuwa imelowesha kila kitu. Lakini Makori aliona jambo. Shina la mgomba lenyewe ni laini. Mshale huingia, hushikwa, hutoka kwa vidole viwili. Tukikata mashina mafupi, tukayalaza saba pamoja kwenye fremu ya miti, moja katikati na sita kulizunguka, nyuso zilizokatwa zikiwatazama wapigaji, tutakuwa na shabaha kubwa kuliko tuliyoipoteza. Niliona wazo hilo nikataka kumkumbatia mbele ya ng'ombe.

Ijumaa tulitoka darasani tukaanza kung'oa. Bwana Onchari alisema ing'olewe na mizizi yote, hataki kuona hata chipukizi, kwa hiyo kila shina lilitoka na lile donge lake la chini, zito na lenye udongo. Tulikata juu, tukayapanga, tukayafunga kwa kamba, nikachora duara: chokaa, mkaa, na katikati kabisa, kwenye moyo wa shina la kati, nikapaka udongo mwekundu. Makori alishika panga aanze kukata yale madonge ya mizizi nyuma.

"Jua," akasema Bwana Onchari.

Tuligeuka. Jua lilikuwa limeshagusa kilima. Ijumaa ni siku ya maandalio, na jua likizama Sabato imeingia, na mimi ni Msabato kama yeye. Makori, ambaye hakuwa Msabato, aliendelea kushika panga.

"Mimi naweza kumalizia," akasema.

"Yaya, hapana," nikamwambia. "Hii ni kazi yetu wote. Isiguswe mpaka Sabato iishe." Nilisema hivyo kwa dini, na kidogo pia kwa wivu, maana sikutaka aimalize bila mimi. Kwa dakika zilizobaki nilimwagia madonge maji ndoo nzima, nikaifunika shabaha yote kwa magunia yaliyolowa ili mashina yasikauke yakawa magumu. Nilijiona nina akili. Kisha nikaenda kuoga, nikaenda kanisani, na nikaimba kwa moyo mweupe kabisa.

Sasa, kila mtoto wa Kisii anajua kitu hiki. Ukikata mgomba na mizizi yake ikabaki, moyo wake hausimami. Unapanda. Kata asubuhi, jioni utakuta umesukuma katikati kama ulimi. Tulicheza nao utotoni, tukipima nani moyo wake umepanda zaidi. Mimi nilizaliwa migombani, nikalelewa migombani, nikaiacha mizizi, nikainywesha, na nikaifunika vizuri ilale.

Jumapili asubuhi Makori alikuwa kwenye Misa, mimi nachora mistari ya uwanja, na madonge tukayasahau. Mchana uwanja ulijaa. Wakatoliki walikuja moja kwa moja kutoka kwenye Misa wakiwa na nguo zao nzuri, akina mama wakauza ndizi na uji, shule za wageni zikapanga mistari. Bwana Onchari alisimama mbele na koti juu ya shati jeupe. Alinipa ishara. Nikavuta magunia kwa mbwembwe.

Shabaha ilikuwa imeota pua. Pua saba! Kila shina lilikuwa limetoa moyo wake nje, mweupe, wa kuteleza, urefu wa kiganja, na ile ya katikati, iliyopakwa wekundu kwenye ncha, ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote. Mtoto mmoja mahali fulani akasema "Nyasae!", yaani Mungu wangu, na watu wote wakalipuka kwa kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilimtazama Bwana Onchari nikaona kabichi machoni mwake, mistari mirefu ya kabichi, zimepaliliwa.

Mwalimu wa timu moja ya wageni, bwana mnene aliyekuja na filimbi mbili shingoni, alipita mbele akicheka.

"Mwalimu Mkuu, hii ni nini? Watoto wangu hawajatoka mbali kuja kupiga pua! Hii mashindano ivunjwe. Hii shule haijui obota."

Nikafumba macho. Na hapo, wapendwa, nilijifunza jambo ambalo hakuna chuo cha ualimu kilichowahi kunifundisha. Bwana Onchari alikuwa tayari kabisa kutucheka yeye mwenyewe. Lakini mgeni kuja kutucheka nyumbani kwake, juu ya migomba yake, hilo lilikuwa jambo lingine.

"Bwana," alisema kwa ile sauti yake ya chini, "watoto wako wataona pua ngapi?"

"Saba!"

"Na wangu wataona ngapi?"

Yule bwana akazihesabu tena kwa kidole.

"Basi ni sawa. Kila shule itapiga pua hiyo hiyo." Akavua koti, akalikunja, akampa mama mmoja amshikie. "Mimi nafungua."

Alichukua upinde kutoka mkononi mwangu. Alisimama kama mtu aliyewahi kusimama hivyo zamani, akavuta, akaachia. Mshale ulipita juu ya shabaha, ukapita juu ya uzio, na ukazama kwenye chai ya jirani, ambako nadhani uko mpaka leo. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Na Bwana Onchari, ambaye sikuwahi kuona meno yake, alicheka kuliko wote.

Baada ya hapo ilikuwa sherehe. Zile pua zilitingishika kila shina lilipopigwa, na kila zilipotingishika watu walishangilia. Msichana wetu Moraa, wa darasa la saba, ndiye aliyepiga ile nyekundu. Mshale ulipita katikati yake sawasawa, pua ikainama taratibu kama inasalimia, na mama yake Moraa, aliyekuwa amekuja mwaka uliotangulia kulalamika, alikimbia uwanjani na kitenge mkononi. Jua lilipoinama tulichomoa mishale yote kwa vidole viwili. Hakuna hata mmoja uliovunjika. Ule wa kwenye chai hatukuuweka kwenye hesabu, kwa heshima ya aliyeupiga.

Tulipokuwa tunakunja magunia nilimuuliza Makori, "Wewe jana hukupita hapa?"

"Nilipita asubuhi. Nikaona imeanza kutoka."

"Na hukukata?"

"Ulisema isiguswe mpaka Sabato iishe." Akafikiri kidogo. "Nikangoja. Jua ikazama. Lakini sasa giza ikaingia, nikaogopa kukata mchoro yako."

Nilikaa chini kwenye nyasi nikacheka mpaka nikalia machozi. Yeye alinitazama tu, kwa kuwa kicheko chake kilikuwa bado kiko njiani. Kilimfikia Jumatatu saa ya chakula, na mwaka uliofuata alikuja kwetu na wazee wake. Wakatoliki na Wasabato wa pande zote mbili walinung'unika kiasi kinachotakiwa, kisha wakala.

Lakini hiyo Jumatatu asubuhi, kabla ya kicheko, nilipofika shuleni nilimwona Bwana Onchari uwanjani na jembe. Anachimba. Nilikimbia, safari hii na viatu vyote viwili mkononi.

"Tata! Mishale haikuvunjika! Ulisema!"

Aliinua kichwa. Alikuwa amechimba mashimo mwisho wa uwanja, kuvuka upana wote, nyuma ya mahali pa shabaha. Kando yake yamelala yale mashina saba, yamejaa matundu, pua zimevunjika, na katikati ya kila pua kulikuwa na ncha mpya ya kijani.

"Hii vitu haitaki kufa," alisema. "Sasa nitaitupa wapi? Naipanda hapa, ishike ile mishale yangu inapotea."

"Na kabichi?"

Alishindilia udongo kwa mguu, polepole, kama sisi tulivyokuwa tukikanyaga magunia.

"Kabichi haiwezi kushika mshale," akasema.

Bwana Onchari tulimzika zamani, na kwaya yake iliimba. Ile migomba iliota watoto, na watoto wakaota watoto, na hakuna shabaha iliyotengenezwa katika shule ile tangu wakati huo ambayo majani yake hayakutoka hapo. Kwa hiyo kijana aliponiuliza habari ya bajeti, nilipomaliza kucheka, nilimshika mkono nikampeleka nyuma ya uwanja, mahali ambapo majani makavu yananing'inia mpaka chini.

"Hii hapa," nikamwambia. "Chukua yaliyokauka tu."